Sauti ya Tatu, Upande wa Kushoto

Risiva ile niliipata kwa tajiri wangu, Mhindi aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, siku alipomwachia mpwa wake duka na kuhamia Kisumu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Spika zake kubwa alizipakia kwenye lori pamoja na makabati. Risiva yenyewe, redio na amplifaya ndani ya boksi moja la mbao lenye uso wa chuma, aliniachia mimi kwa kuwa ilikuwa nzito, ya kizamani, na mkewe hakutaka kuiona tena sebuleni. Akaniongezea hedifoni zake, zile kubwa za kufunika sikio lote, zenye waya wa kujisokota. "Spika utanunua pole pole," akasema. Sikununua hata siku moja.

Sikununua kwa sababu niligundua kwamba sizihitaji. Katika mashine za zamani hizo tundu la hedifoni halikuwa kitu cha kupachikwa tu pembeni. Sauti ilitoka kwenye amplifaya ile ile iliyotengenezwa kusukuma spika kubwa, ikapunguzwa kidogo njiani isije ikakupasua masikio, kisha ikakuingia kichwani. Hata ukiiweka chini kabisa, bado ilikuwa na nguvu ya akiba. Niliunganisha redio-kaseti yangu kwa nyuma kwa waya, nikaweka kanda ya benga, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza juu ya waya. Wenzangu waliokuwa wakitembea na vijiredio vya mfukoni na vipamba vyao vya masikioni niliwahurumia tu.

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa wivu. Sikuanza na mke wangu, nilianza na risiva. Jirani akija kuomba asikilize kidogo, nilimwambia stima haina nguvu leo. Mwingine alitaka kushika uso wake wa chuma, nikamsukuma mkono. Watu wakanitania kwamba nimeoa mke wa pili, nami sikukana.

Mke wangu peke yake ndiye niliyemfundisha. Yeye ni nyar Kosele, binti wa Kosele, na ndivyo nilivyomwita nyumbani, kama wanaume wa kwetu wanavyomwita mke kwa jina la alikotoka. Yeye aliniita jaduong', yaani mzee. Ndoa yetu ilipangwa na shangazi yangu. Nilimwona mara chache, tukakubaliana, ng'ombe wakaenda, akaja. Kwao ni Wasabato na kwetu ni Wakatoliki, na kwetu mke hufuata kanisa la mume. Hakubisha. Jumapili alikuja nami misa, na watu wakiinuka kuimba yeye alikaa na kitabu amekifungua, mdomo umefungwa. Nilimsifu moyoni kwamba ni mwanamke mnyenyekevu asiyependa kujionyesha. Hata watoto wetu aliwalaza kwa kuwapigapiga mgongo, kimya kimya.

Basi akaenda kumsalimia mamake, akarudi na kaseti. Ilikuwa ya kwaya ya kanisa la nyumbani kwao. Nilijua kwamba aliwahi kuwa kwenye kwaya, kama nilivyojua kwamba aliwahi kusoma shule ya msingi, na sikuwaza zaidi ya hapo. Akaomba asikilize kwenye hedifoni. Nikamwonyesha mwenyewe jinsi ya kuwasha, jinsi ya kuanza na sauti ya chini, na kila kitufe kazi yake. Nikamwonyesha na kile cha balansi, kinachogawa sauti kati ya sikio la kushoto na la kulia. Nikamwambia hicho kikae katikati daima, asikiguse.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka dukani nimechoka. Jumamosi ndiyo siku wachimba dhahabu wa Masara walipokuja mjini kununua mitarimbo, kamba na karai, na nilikuwa nasimama kutwa. Nikavaa hedifoni nipumzishe akili, nikasikia sikio la kulia limekufa. Nilidhani waya umekatika. Kuangalia, kumbe balansi imezungushwa mpaka mwisho, kushoto kabisa.

Nikairudisha katikati. Jumamosi nyingine nikaikuta kushoto tena. Siku nyingine za wiki haikuguswa, ni Jumamosi tu, nikiwa kazini.

"Nyar Kosele," nikamwambia, "hii kitu nani anaizungusha?"

"Labda watoto, jaduong'," akajibu bila kuniangalia.

Watoto walikuwa hawafiki hata kwenye meza. Mke asiyewahi kunidanganya alinidanganya kwa ajili ya kitufe.

Nilingoja atoke kwenda kisimani, nikaweka ile kaseti ya kwaya na kuzungusha balansi kushoto kama yeye. Kanda ilikuwa imerekodiwa kanisani kwa maikrofoni mbili, moja kila upande. Kwenye redio ya kawaida ungesikia watu wengi wanaimba kwa pamoja, basi. Kwenye risiva ile, na upande mmoja umezimwa, kwaya iligawanyika. Kulia walibaki wanawake. Kushoto nikasikia besi kwa mbali, na karibu kabisa na maikrofoni, karibu hata pumzi yake ilisikika kabla ya kila mstari, mwanamume mmoja wa sauti ya tatu. Wanakwaya wananielewa: ni ile sauti ya wanaume wa juu, iliyo juu ya besi. Ilikuwa sauti nzito kidogo, tulivu, ya mtu anayejiamini. Nilitaka kuipata mbaya, nikashindwa. Ilikuwa nzuri, na nikaichukia kwa uzuri wake.

Nikajua sasa mke wangu anafanya nini kila Jumamosi. Anavaa hedifoni zangu, anawaondoa wanawake wote, anabaki na huyu bwana peke yao. Na mashine ya kuwakutanisha nimeitoa mimi, na kuitumia nimemfundisha mimi.

Wivu una kazi nyingi. Nilimtengeneza yule mtu kuanzia viatuni. Nilimpa suruali yenye mkunjo, tai, na Biblia ya kufungwa kwa zipu. Nilimpa meno meupe yenye mwanya. Dukani mteja akiongea kwa sauti ya namna ile nilimuuliza anatoka wapi, na akisema upande wa Homa Bay, iliko Kosele, nilimpimia misumari kwa hasira. Nyumbani nikaanza kuona ushahidi kila mahali. Mke wangu akichelewa kujibu nilisema moyoni, yuko naye. Akitabasamu peke yake akichambua omena, dagaa wa ziwani, nilitamani kuuliza ni mstari gani anaukumbuka. Niliificha kaseti chini ya godoro, na Jumamosi nikaikuta imerudi mahali pake.

Jumamosi moja nilitoroka kazini saa za asubuhi, nikaja mpaka dirishani. Alikuwa ameketi mbele ya risiva, mgongo wima, amevaa gauni lake zuri, lile la kutokea. Macho ameyafumba. Midomo ilikuwa inacheza lakini haikutoa chochote. Mke wangu hakuwahi kunivalia gauni lile tukiwa nyumbani. Nikarudi dukani.

Jumapili ya kesho yake nikamdanganya kwamba naenda Homa Bay kumfuata mteja, nikaenda Kosele. Nilijua ninachokifanya ni kibaya. Mkwe hafiki ukweni bila kutuma habari, na akionekana sokoni peke yake, hana mzigo, mji mzima utasema ndoa imevunjika. Nilijificha nyuma ya vibanda vya mitumba, nikichungulia nisije nikakutana uso kwa uso na mama mkwe wangu akinunua chumvi. Nikauliza mwalimu wa kwaya ya Wasabato ni nani. Nikaonyeshwa mzee mmoja mnene, anapima mahindi kwa kopo la gorogoro.

Alinitambua kabla sijafungua mdomo. "Orwa!" akapaza sauti, yaani mkwe wetu, na soko lote likageuka. "Huku wazima? Nyar wa kwetu ako sawa?"

Nikasema wazima. Nikazungumza habari za mvua, nikazungumza habari za mahindi, kisha nikasema nimeipenda kaseti yao. Nikauliza, kama mtu asiyejali sana, huyu mwanaume anayeimba sauti ya tatu, aliyesimama upande wa kushoto karibu na maikrofoni, ni nani.

"Mwanaume?" akasema.

"Ndio. Huyo mwenye sauti nzuri."

Akaweka gorogoro chini. Akamgeukia mama wa kibanda cha pili, akamwambia nilichouliza, na yule mama akacheka hadi akajifuta macho kwa leso.

"Orwa," mwalimu akasema, "sauti ya tatu yetu si ulienda nayo Migori? Vijana wetu walituacha, wengine Masara, wengine Mbita kuvua samaki. Tukabaki na besi peke yake. Nikachukua huyo msichana kwa sababu ako na kifua, sauti yake inashuka chini, nikamsimamisha na wanaume, nikamwekea maikrofoni hapo mdomoni. Hiyo kaseti tulirekodi kabla wewe kumuoa, ikachelewa miaka kutoka. Tangu aende hatujapata mwingine. Si hata nyumbani anakuimbianga?"

"Ananiimbia," nikasema.

Ungetegemea nicheke, au nishukuru Mungu. Sikushukuru. Wivu ulibadilisha tu kiti. Huyu mpima mahindi aliisikia sauti ya mke wangu. Mama wa kibanda aliisikia, na vijana waliokimbilia Masara, na kila Msabato wa Kosele aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa lile. Mimi niliyetoa ng'ombe niliisikia kwenye mashine, nikadhani ni ya mwanamume, nikamtafutia viatu.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Alikuwa mlangoni anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Nimetoka Kosele," nikamwambia.

Mkono wake ukasimama. "Kosele? Mama ni mgonjwa?"

"Hapana. Nilienda kwa mwalimu wa kwaya. Kumbe sauti ya tatu ni wewe."

"Ni mimi," akasema. "Kwani ulidhani ni nani?"

Nilimwona akihesabu mambo taratibu: kaseti chini ya godoro, maswali ya kitufe, hasira zangu za Jumamosi. Akaanza kucheka. Alicheka vizuri, ungo ukayumba magotini, maharagwe mawili matatu yakaanguka. Kisha kicheko kikakatika, akaniangalia, na nilijua amefika mahali ambapo mimi nilikuwa nimefika njiani: kwamba mume wake aliisikia sauti yake na hakuijua.

Nikaketi kwenye kizingiti karibu naye. Nikakusanya yale maharagwe yaliyoanguka, nikayarudisha kwenye ungo.

"Niimbie kidogo," nikamwambia. "Mstari mmoja tu."

"Leo?"

"Leo."

Akatikisa kichwa, bila ukali. "Mimi naimba Jumamosi, jaduong'."

"Jumamosi niko kazini."

"Najua," akasema, akaendelea na maharagwe yake.