Chizuru Afunga Mgahawa Mchana Kweupe

Asubuhi Chizuru Hamanaka aliuza tofu. Jumamosi alasiri aliimba jazi na bosanova kwenye mgahawa wetu wa kahawa hapa Otaru, Japani. Sauti yake ilikuwa laini mno: ukikoroga kikombe tu, umekosa ubeti mzima. Mimi nilikuwa mpika kahawa pale, na niliipenda sauti hiyo hata nikawa nakataa kusaga buni akiwa anaimba.

Mwenye mgahawa, Bwana Kuramochi, hakuwa na subira hiyo. "Dada Chizuru, leo ndiyo mwisho," alimwambia. "Wateja hawakusikii. Juma lijalo naleta mashine ya karaoke."

Tulijua fitina ilikotoka. Bwana Onizuka, muuza mikeka ya tatami, alitamani kuimba yeye, na debe tupu haliachi kuvuma. Siku hiyo alikuja na wenzake, wakaagiza bia, wakapiga soga kana kwamba wako sokoni.

"We dada, umemeza maiki?" akapayuka. "Hivi unaimba au unasali?"

Wenzake wakacheka hadi bia ikawapalia. Chizuru hakupandisha sauti hata kidogo. Alitabasamu, akamnong'oneza mpiga gitaa wake, kisha akauanza, kwa mahadhi ya bosanova, ule wimbo wa taratibu unaopigwa madukani kote kwetu wakati wa kufunga. Tumeusikia tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Ukipigwa, miguu hujiinukia yenyewe.

Onizuka alikuwa katikati ya kumsengenya mkwewe. Mdomo uliendelea, lakini mkono ukashika koti. Wenzake wakamalizia bia wima. Wakalipa, wakainamisha vichwa, "Asanteni sana, tumefurahi," hao, wakatoka. Meza nyingine zikafuata. Na Kuramochi mwenyewe, jamani! Akapandisha viti juu ya meza, akateremsha mlango wa chuma.

Ndipo jua la dirishani likampiga usoni. Akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.

"Chizuru! Umenifukuzia wateja wote!"

"Mimi, bosi?" akasema kwa sauti ileile ndogo, nami nikabana pumzi ili nimsikie. "Si umesema hawanisikii?"

Kuramochi akaenda kwenye simu kuwaambia wauza karaoke wabaki na mashine yao.