Mkwe Hatazamwi Usoni

Siku ajenti wa serikali alipotukusanya wauza vinywaji wa Kabambare wenye patenti, kile kibali cha kuuzia, tulikaa kwenye mabenchi ya shule kama watoto, magoti karibu yaguse videvu. Alitusomea sheria za kuuza pombe. Usimwuzie mtoto. Usimwuzie aliyekwisha kulewa. Usimwuzie mtu anayekwenda kuendesha chombo. Weka maji ya kunywa karibu, weka na kitu cha kula. Kisha akainua kidole akasema ile niliyoipenda kuliko zote: kabla hujampa mtu chupa, mtazame usoni. Tazama macho yake, sikiliza ulimi wake, angalia anavyosimama.

Wenzangu walicheka. Mama mmoja alisema ukianza kutazama nyuso za walevi, bidhaa yako utainywa wewe mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuza pombe muda mrefu nikilala na swali moja tumboni, kama ninauza au ninaua, na hapa mtu amenipa kipimo. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Kwetu bia inafika kutoka Kasongo juu ya pikipiki, kasiye za chupa, yale makreti, zimefungwa kwa kamba za mpira, na mashimo ya njia hayana huruma na chupa. Wanaoinywa wengi ni taximani wa moto, wale wanaobeba watu na mizigo kwa pikipiki kwenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa hiyo nilitunga sheria yangu juu ya ile ya serikali. Niliweka beseni la plastiki juu ya kaunta, na kila aliyekuja na pikipiki alitupia ufunguo wake humo kabla hajaagiza. Ufunguo ulirudi mkononi mwake nikishamtazama usoni nikaridhika. Nisiporidhika, alipewa maji, muhogo na mkeka nyuma ya duka.

Walinitukana, tena sana.

"Weye mama, uko polisi?"

"Polisi anakula pesa yako. Miye niko nachunga roho yako. Weka ufunguo."

Wakazoea. Wake zao walianza kunipitia sokoni na kunitilia fungu la sombe, majani ya muhogo, kikapuni bila kusema ni la nini. Nilijiona mtu. Nasema kweli, nilijiona mtu.

Lakini sheria yangu ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa ndani ya ukoo wangu. Binti yangu wa pekee aliolewa na taximani wa moto, kijana wa Salamabila, mpole akiwa hajanywa. Na kwetu sisi mama mkwe hamtazami usoni mume wa binti yake. Hamsemeshi. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kama ni sahani, mmoja anaiweka chini na kuondoka, ndipo mwenzake anakuja kuiokota. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hii si chuki, ni heshima, na heshima hiyo nililelewa nayo. Mama yangu alikufa bila kujua mume wangu ana kovu juu ya jicho.

Njia ya kuilegeza ipo. Mkwe huleta mbuzi na kitenge, wazee wakanywa, na tangu hapo mnaweza kusemezana kwa mbali. Wa kwangu kila mwaka alikuwa na mbuzi njiani. Mbuzi huyo sijui alikuwa anatembea kutoka nchi gani.

Basi fikiria. Wanaume wa watu wote ninawapokonya funguo, na yule anayembeba binti yangu mgongoni mwa pikipiki, yeye ndiye nisiyeweza kumtazama. Akipiga hodi tu dukani, miguu yangu inanipeleka nyuma ya pazia la mlango wa ndani kabla akili haijaambiwa. Mume wangu ndiye aliyemhudumia. Nilimsihi, nikagombana naye, nikalia.

"Muambie hapana, baba. Muambie aache ufunguo."

"Nimunyime mukwe kinywaji? Baba akimunyima mukwe, ni kusema anataka binti yake arudi."

Na chupa ilifunguliwa. Nikasimama nyuma ya kile kitambaa, nikisikia kicheko chao, nikijua kwa sauti tu kwamba ulimi wa kijana umekuwa mzito. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema watu. Mimi nilikuwa na macho na nilikatazwa kuyatumia.

Kisha akazaliwa mjukuu, msichana. Nilimwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyofanya, na nilimtania kwamba atanyang'anywa mume kwa sababu mimi najua kupika. Tangu azaliwe, kila niliposikia pikipiki ikipita kwa kasi nilisimama. Nilitaka jambo moja tu katika dunia hii: mtoto yule asipande ile pikipiki baba yake akiwa amekunywa. Sikuomba utajiri, wala barabara nzuri.

Binti alikuwa amekuja kututembelea na mtoto. Siku ya kurudi, mumewe alikuja kuwachukua asubuhi, jua limekwisha kupanda. Mume wangu alikuwa shambani ng'ambo ya mto. Dukani palikuwa na mteja mmoja, jirani yetu anayetengeneza baiskeli. Niliisikia pikipiki, nikasikia hodi, na kama kawaida nikajikuta nyuma ya pazia. Harufu ilinifikia huko huko. Alikuwa amepita kwenye nyumba za lutuku, ile pombe kali wanayoipika wenyewe, wasio na patenti wala sheria ya ajenti. Hakuja kuanza kunywa, alikuja kuendelea.

"Mama," jirani aliniita, "mukwe wako iko hapa. Anaomba bia moja."

"Muambie hapana. Amekwisha kulewa. Aweke ufunguo mu beseni, alale. Binti na mutoto hawaendi leo."

Nilisema kwa sauti ya kutosha. Lakini hapa ndipo mtu asiyekuwa wa kwetu hataelewa. Neno la mama mkwe, hata likipenya pazia, mkwe hulihesabu hajalisikia mpaka aletewe, na halipelekwi lilivyo. Anayelibeba ni wajibu wake kulisafisha njiani, maana likifika na ukali, atakuwa amewatukanisha wakwe. Jirani yangu si mtu mbaya. Alifanya alivyofundishwa.

"Mukwe, mama anakusalimia sana. Anasema upumzike kidogo, jua iko kali."

"Aksanti sana kwa mama. Basi niongezee moja ya kupumzikia."

Nikasikia jirani akimfungulia chupa, kifuniko kikidondoka.

"Sikusema vile!" nilimwambia jirani. "Muambie nimekataa. Nimekataa!"

"Mama anasema unywe polepole, mukwe. Anakuonea huruma ya safari."

Ningecheka kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine. Nje nilimwona binti yangu kupitia ufa wa ubao. Alikuwa anafunga mfuko wa unga nyuma ya pikipiki, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Ndani nikasikia chupa tupu ikiwekwa, na kile kimlio cha ufunguo ukitolewa mfukoni. Kwenye beseni haukuwa umeingia hata kidogo.

Nikatoka nyuma ya pazia.

Sikuamua. Nilijikuta mbele yake, kichwa wazi, mkono nimeunyoosha, nikimtazama usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Macho yake yalikuwa mekundu na madogo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, uso wa mtoto aliyechoka.

"Leta ufunguo," nilisema.

Hakukasirika. Laiti angekasirika, angenisukuma, angenipiga, nami ningemshika. Alishikwa na haya. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani, akainama, akasema "mama, mama, aksanti, unisamehe," na akakimbia nje kinyumenyume akigonga mlango. Nilimfuata. Kadiri nilivyomfuata ndivyo alivyozidi kukimbia, kwa sababu mkwe anayefuatwa na mama mkwe hana pengine pa kwenda isipokuwa mbali. Alimpigia mke wake kelele apande. Na binti yangu, aliponiona nimesimama juani uso kwa uso na mume wake, watu wa njia wote wakitazama, naye alipatwa na haya yetu sote. Akapanda haraka. Hakuniaga.

Njia ya kutoka kwetu inateremka mpaka daraja la miti. Hata asiyekunywa anashuka pale kwa breki. Sikuona, nilisikia. Nilikuwa bado ninakimbia.

Binti alivunjika mkono. Yeye kijana alichubuka magoti. Mtoto hakulia.

Sitasema mengi juu ya siku za kilio, kwa sababu kila nikianza hasira inanipanda. Nitasema tu kwamba wazee wa pande mbili waliketi. Nilidhani watazungumzia pombe. Walizungumzia pazia. Kijana aliulizwa kwa nini alikwenda mbio vile, akajibu, kichwa chini, kwamba mama mkwe alimtokea. Ukumbi mzima ukaguna. Hakuna aliyeuliza alikunywa nini, wala wapi, wala nani alimfungulia. Waliamua kwamba mama alivunja heshima ya ukwe na kuleta mkosi, na mume wangu akatoa mbuzi kutoka zizi letu. Mbuzi ambaye kijana alishindwa kumleta, tulimlipa sisi.

Siku hiyo tu nilimwonea kijana huruma, halafu huruma ikaondoka na haijarudi.

Ajenti alipopita akasikia habari. Aliingia dukani akavua kofia.

"Pole sana, mama. Lakini weye ulifuata sheria."

"Enda ukaiseme kule kwenye kaburi," nilimwambia. "Hapa tumekwisha kusikia."

Aliondoka bila kinywaji. Sikuwa na ugomvi naye. Sheria yake ilikuwa nzuri, na desturi yetu nilidhani ni nzuri, na kati ya mambo hayo mawili mazuri hapakuwa na mahali pa mtoto mmoja kupita. Nimetafuta usiku na mchana ningefanya nini. Ningebaki nyuma ya pazia, angeondoka amelewa hivyo hivyo, labda angefika, labda asingefika. Nilitoka, na nimeona kilichotokea. Anayejua jibu aniletee, maana maombi yamenishinda na wazee wananiambia nimekwisha kulipa.

Duka bado liko wazi, kwa kuwa hatuna kazi nyingine. Taximani wanaingia na kutupia funguo kwenye beseni bila kuambiwa, na hawanitukani tena. Wananionea huruma, nami siipendi. Ninawatazama usoni mmoja mmoja kama nilivyofundishwa, lakini ndani yangu hakuna tena yule mtu niliyejiona.

Binti yangu alirudi kwa mumewe Salamabila. Sikuweza kumzuia, na nani angenisaidia? Alikuja wakati wa kumaliza kilio. Nilimsubiri mlangoni. Aliposhuka aliona nilipo, akageuza njia, akakaa nyuma ya nyumba kwa shangazi yake, mgongo kwangu. Nilikwenda hadi pembe ya ukuta nikamwuliza mkono wake umeponaje.

Hakugeuka. Alimwambia shangazi yake, polepole, nami nikisikia kila neno:

"Muambie mama, umepona."

Nikangoja aseme na mimi. Shangazi alinitazama, akainamisha kichwa, akalirudia neno lile lile, na nikaelewa kwamba mtoto niliyemzaa mwenyewe ameniweka mahali pa wakwe.

"Muambie nimesikia," nilijibu, na nikaingia ndani.