Maji ya Bibi Birika

Walimwita Bibi Birika, na jina likamkaa. Tangu afiwe na mumewe aliuza chai langoni mwa karakana ya kuchomelea vyuma, na birika lake halikujua kupoa. Maji yalichemka, yakachemka tena, mpaka wachomeleaji wakamtania, "Bibi, hayo yameshakiri makosa, yaachie!"

"Nyamaza, wewe. Umewahi kuumwa tumbo kwangu?"

Hakuna aliyewahi. Ndiyo maana ilimchoma moyo pale mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alipoanza kuja na chupa yake ya maji. Alikuwa na mimba ya kwanza. Atakaa, atacheka, atamenya viazi, lakini glasi anayopewa haigusi.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Ni kisima kinacholisha mabomba yetu." Watu wa maji walikuwa wamepita na kipaza sauti: kile kiwanda cha kupaka vitambaa dawa ya kuzuia mvua kilimwaga uchafu wake ardhini miaka nenda miaka rudi, na dawa ile haiozi. "Wala haifi kwa moto, mama. Ukichemsha sana, maji yanapungua, dawa inabaki palepale."

Bibi Birika alilitazama birika lake kama ndugu aliyemsaliti. Zamani maji mabaya yalikuwa na adabu: yalinuka, yalibadilika rangi, yalikuonya. Haya ya siku hizi yanang'aa kama machozi ya mtoto, na walioyaharibu wamefunga kiwanda wakaenda zao, hata kuaga hawakuaga.

Aliposikia kwamba mkaa huinasa dawa hiyo, hakungoja maelezo. Alichota mkaa wa jikoni akautumbukiza ndooni. Fundi bomba alipopita akamkuta anachuja kitu cheusi kama wino.

"Bibi, unataka kumpaka mjukuu rangi?" Alicheka mpaka akakalia kisanduku chake cha spana. Kisha akamweleza: mkaa wa kazi hiyo ni mwingine, hukaa ndani ya chujio la bomba, umepikwa kwa mvuke hadi ukawa na vitundu visivyohesabika, na dawa hunasa humo. Lakini hujaa; usipobadilishwa kwa wakati, unaipitisha.

"Nitajuaje umejaa?"

"Kwa macho hutajua. Fuata tarehe."

"Ama kweli dunia imekwisha. Hata chujio linataka kalenda!" Alinung'unika hivyo huku akimwonyesha pa kulifunga.

Watu wa maji wakaja kuyapima, wakasema yanafaa. Bibi bado aliyachemsha, juu ya makaa yaleyale. "Chujio ni la kiwanda," alisema, "moto ni wa vijidudu."

Mkwe alipokuja, chupa ilichungulia mkobani. Bibi alimmiminia glasi, akajitia kupanguza meza iliyokwisha kung'aa. Mkwe akapiga funda moja, akatua.

"Mama, mbona yana moshi?"

"Yalikuwa na moshi siku zote."

"Najua." Mkwe alimaliza glasi, akaisogeza mbele. "Niongeze. Nilikuwa nimeyakumbuka."