Nondo Niliyoicheka

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani kabla hajawa fundi umeme wa magari. Mota ya cherehani yake ilikufa, mafundi wakampiga danadana wiki nzima, akapandwa na hasira akaifungua mwenyewe. Huu ni mwaka wa ishirini na sita tangu siku hiyo. Leo karakana zetu zinagawana ukuta mmoja: kwake nyaya, kwangu ekzosi, yaani mabomba ya moshi, na mashine ya kuchomelea. Wateja wote humwita Shangazi, hata waliomzidi mvi. Hilo huniudhi kidogo, maana shangazi ni wangu.

Asubuhi moja nilimfungia mkunga mmoja ekzosi mpya kwenye gari lake. Ile kuukuu ilikuwa kutu tupu, na fundi fulani wa zamani aliichomelea kwenye bodi ya gari kwa kipande cha nondo ya kujengea nyumba. Niliicheka kazi ile hadi nikakohoa. Nikaikata nondo, nikachomelea bomba jipya, nikalining'iniza kwenye raba zake inavyotakiwa. Mkunga akawasha gari. Tak! Taa za dashibodi zikafifia, injini kimya. Hapo hapo simu yake ikaita: kuna mama ameshikwa na uchungu, njoo haraka.

Nikakumbuka kosa langu. Kabla ya kuchomelea gari, waya wa betri hutolewa, la sivyo unaweza kuunguza kompyuta yake. Kwa haraka zangu, sikuutoa.

"Waya wa betri uliutoa?" Shangazi akauliza, akija kutoka upande wake.

"Niliutoa, Shangazi."

Akatupia jicho betri. Akachukua waya mnene, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini.

"Washa, dada," akamwambia mkunga.

Gari likanguruma.

"Waya wa kuunganisha injini na bodi ulishakatika zamani," akaniambia. "Umeme ulikuwa unarudi kwenye betri kwa kupitia ekzosi na ile nondo yako ya kuchekesha. Umeikata, ukaweka raba. Utapita wapi?"

Miaka yote hiyo umeme wote wa injini ulipita kwenye lile bomba bovu, na hakuna aliyejua. Yeye alitambua hilo kabla sijamaliza kujifuta jasho. Nywele zilinisimama, nasema kweli.

Akafunga waya mpya, mkunga akaondoka mbio.

Nikashindwa kuvumilia. "Shangazi, nilikudanganya. Waya wa betri sikuutoa."

"Najua. Nati yake ina vumbi, haijaguswa hata na kucha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikuumbue mbele ya mteja wako, mtoto wa kaka yangu?"

Akatoa mfukoni mwake spana namba kumi ya kufungulia nati za betri, ile asiyomwazima mtu, akaniwekea kiganjani.

"Kompyuta imenusurika kwa bahati tu. Kaa nayo hii. Nisije nikaona nati yenye vumbi tena."