Siku Tulipomwacha Kipa wa Chuo Arudi Peke Yake

Enzi zetu Jumamosi haikuanza asubuhi. Ilianza saa tisa alasiri, pale debe la Baba lilipolia mara ya kwanza nje ya lango la Chuo cha Ualimu, na mji mzima ukajua kwamba timu inatoka. Nasema nanyi wa rika langu, mliokulia kwenye miji ya stesheni moja na soko moja, kwa sababu nikiwasimulia vijana wa sasa kwamba tulitembea mwendo wa saa nzima juani kwenda kuwaangalia wakurufunzi wakicheza mpira, wananiuliza kama hapakuwa na televisheni. Ilikuwapo moja, nyumbani kwa meneja wa benki, na muda mwingi ilifunikwa kitambaa cha kufuma.

Mimi nilisoma shule ya mazoezi, ile iliyokuwa ndani ya uzio wa Chuo, ambako wakurufunzi walikuja kujifunzia ualimu juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo wachezaji wetu walikuwa pia walimu wetu. Beki wa kati alitufundisha jiografia. Winga wa kushoto alitufundisha kuimba, na alikuwa hajui kuimba. Alhamisi ulichapwa fimbo mbili na mtu yuleyule ambaye Jumamosi ulilia jina lake hadi sauti ikakauka, na hatukuona ajabu yoyote. Jumatatu asubuhi, kama timu imeshinda, hakuna aliyekaguliwa kucha.

Baba alikuwa fundi cherehani sokoni. Namba za jezi za Chuo alizishona yeye, kwa vitambaa vya mabaki, ndiyo maana namba saba yetu ilikuwa na maua. Lakini heshima yake mjini haikutokana na cherehani. Ilitokana na lile debe la mafuta ya taa alilolifunga kamba shingoni na kulipiga kwa vijiti viwili vya mpera. Hakuwa na mtoto wa kiume, basi vijiti akanikabidhi mimi nivibebe kwenda na kurudi. Wanawake wa mtaani walimwambia, "Fundi, utamharibu binti." Akawajibu, "Binti anayejua kupiga debe hatapigwa na mume." Nimeolewa mara moja, na kwa hilo Baba alisema kweli, ingawa mume mwenyewe hakudumu.

Msimu ule ninaousema nilikuwa darasa la nne. Tulifuata ligi ya wilaya tangu mvua za mwisho hadi majani yalipokauka. Kila nikinusa mashudu ya alizeti nauona uwanja ule wa jirani na kiwanda cha mafuta: karanga kwenye koni za karatasi za daftari, ambamo wakati mwingine ulikuta hesabu zako mwenyewe zilizokosewa, miwa, maembe mabichi yenye chumvi na pilipili, mistari ya majivu ambayo ikifika dakika ya themanini upepo umeshaifuta, na mwamuzi anakadiria. Mechi ya kwanza tulifungwa matatu. Nilidhani tutarudi kimyakimya. Baba akapiga debe kwa nguvu zaidi ya siku ya ushindi.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na sijaikuta mahali pengine popote nilipopita. Timu ishinde, ifungwe, washabiki waliisindikiza kwa miguu kutoka uwanjani hadi lango la Chuo, debe mbele, wachezaji katikati, kipa nyuma kabisa, kama mwenye nyumba anayefunga mlango baada ya wageni kutoka. "Timu hairudi peke yake kama mbuzi aliyepotea," Baba alisema. Kina mama walitoka barazani na vikombe vya maji. Mchezaji aliyekosa bao la wazi alitaniwa njia nzima, akafika langoni anacheka.

Kipa wetu aliitwa Mwalimu Zefania. Alikuwa mrefu, mweusi, mpole, mwenye shati la mikono mirefu hata mwezi wa joto, na alitufundisha hesabu. Alikuwa na mtindo wa kudaka chaki aliyoirusha mwenyewe huku anasubiri jibu. Ukikosa, haidaki, inaanguka, na darasa zima linasema, "Bao!" Nilijifunza jedwali la kuzidisha kwa sababu sikutaka Mwalimu Zefania afungwe.

Baada ya kile kipigo cha kwanza hatukufungwa tena. Ikafika mechi ya mwisho, sisi na timu ya Kiwanda, kile cha kukamua alizeti, na sare ingetutosha kuwa mabingwa. Jumatano ya wiki ile Mwalimu Zefania aliingia darasani akaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Tarakimu zilipinda kama kuku walevi. Tukacheka. Hakurusha chaki.

Saa sita nilipeleka madaftari chumba cha walimu. Alikuwa peke yake, shati amelikunja, mkono wa kulia ameuzamisha kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Kifundo kilikuwa kimevimba, kinang'aa kama bilinganya. Alishtuka, kisha akatabasamu.

"Binti wa Fundi," akasema, "hujaona kitu."

"Umeumia, Mwalimu?"

"Niliangukia mkono mazoezini jana. Kipa mwenzangu amelazwa kwa malaria. Nikisema, tutamweka nani golini, mpishi? Kaa kimya mpaka Jumamosi. Baada ya hapo tangaza hata na debe."

Nilikaa kimya. Nilijisikia mkubwa kuliko wote mjini, kwa kubeba siri ya timu kifuani na vijiti vya Baba mikononi.

Jumamosi ile hata wafanyabiashara wa sokoni walifunga mabanda. Hadi dakika za mwisho hakuna aliyekuwa amefunga. Kisha mchezaji mmoja wa Kiwanda akapiga mpira dhaifu, mpira wa kumpigia mtoto. Mwalimu Zefania akauinamia kwa mikono miwili. Nikaona mkono wa kulia ukikunjika, mpira ukapita polepole, ukavuka mstari wa majivu kama mtu asiye na haraka. Mwamuzi akaweka mpira kati, ukapigwa mara moja, akapuliza filimbi ya mwisho.

Halafu sauti moja nyuma yetu ikasema, "Kauza." Nyingine ikasema amepewa madumu mawili ya mafuta, kuna mtu aliyaona yakishushwa. Neno likazunguka uwanja mbio kuliko mpira wenyewe. "Madumu! Madumu!"

Wakamzunguka. Akafungua kitufe cha mkono wa shati la ukipa, akawaonyesha kifundo. "Nimeumia tangu Jumanne," alisema. Mtu akacheka: "Kila muuzaji ana jeraha." Baba akanyanyua mkono watu wanyamaze, kwa sababu yeye ndiye aliyeheshimiwa, na alikuwa mtu wa haki, au alipenda kuonekana hivyo. Akauliza kwa sauti, "Nani aliuona mkono huu kabla ya leo?"

Mwalimu Zefania akasema, "Yupo aliyeuona." Hakutaja jina. Macho yake yalipita juu ya watu, yakanifikia, yakakaa kidogo tu, kama anavyosubiri jibu la hesabu, yakaendelea.

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Baba. Niliwaza kwamba nikisema niliuona, Baba ataniuliza kwa nini sikumwambia, na mji mzima utajua kwamba ubingwa niliupoteza mimi. Nilitazama vijiti. Baba akasubiri. Halafu akavua debe shingoni, akalipindua mdomo chini, akalikalia.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Siku hiyo hakuna kusindikiza. Mwalimu Zefania akashika njia ya Chuo peke yake, mkono wa kushoto umeubeba wa kulia, na watu wakampigia kelele mgongoni. Nami nilipiga kelele. Nilisema "Madumu" kwa sauti yangu yote ya miaka kumi, ili asiwepo wa kunishuku.

Jumatatu hesabu ilifundishwa na mtu mwingine. Tukaambiwa Mwalimu Zefania ameomba ruhusa kwenda kwao, na ruhusa hiyo haikuisha. Mtihani wa mwisho wa ualimu haukumkuta Chuoni. Baba alizeeka na kufa akiamini alihukumu sawa, na mimi niliyeshika mkono wake hospitalini nilizungumza naye habari za cherehani.

Tangu hapo sijui kukaa mahali. Nimeishi Dodoma, Mombasa, Maskati, Winnipeg ya Kanada, na sasa mwaka wa sita Toronto, kitongoji cha Etobicoke, ghorofa ya kumi na nne, nikipanga vifurushi kwenye ghala upande wa Mississauga. Kila mahali nimewaambia watu jinsi enzi zetu zilivyokuwa tamu. Kuhusu karanga na majivu sikudanganya.

Binti yangu Tunu anasoma chuo hapa, na ni kipa wa timu ya wasichana ya chuo chao. Sikumfundisha mimi; mwili wake ulijichagulia. Msimu wao ni mfupi, unaanza majani yakiwa mabichi na kuisha yakiwa yameanguka yote. Mechi za nyumbani sijakosa hata moja. Tunakwenda na Hamisi, tuliyekaa naye dawati moja shule ya mazoezi, ambaye dunia imetutupa naye tena jengo moja, yeye ghorofa ya tisa. Washabiki ni wazazi wenye viti vya kukunja, mablanketi magotini na vikombe vya kahawa. Vijana wa chuo chenyewe hawaji. Nilimuuliza Tunu wenzake wako wapi, akaniambia wataangalia vipande vizuri kwenye simu. Mpira wa dakika tisini wanautaka kwa sekunde arobaini, kama dawa ya kikohozi.

Mechi ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita, mvua ya baridi, mkono unauma hata ndani ya glavu. Walihitaji sare tu waendelee na mashindano. Dakika za mwisho mpira laini ukamjia Tunu, akauinamia, ukateleza kifuani, ukapita katikati ya miguu.

Wazazi wale wakapiga makofi ya kumfariji. Hamisi, kwa kicheko chake kikubwa, akasimama akapaza sauti, "Kauza huyo! Madumu! Madumu!"

Hakuna aliyejua Kiswahili uwanjani isipokuwa sisi watatu. Watoto wetu hawa wanajibu Kiingereza, lakini kusikia wanasikia. Tunu aligeuza uso upande wetu, na nilimwona Mwalimu Zefania.

Tulirudi kwa gari la Hamisi. Tunu alikaa nyuma, nywele zinadondosha maji. Akauliza kwa Kiingereza chake, madumu ni nini.

"Ahaa! Mama hajakusimulia?" Hamisi akafurahi. "Kulikuwa na kipa wetu wa Chuo, mrefu kama mlingoti. Siku ya ubingwa akanunuliwa kwa madumu mawili ya mafuta ya alizeti! Babu yako ndiye aliyemuumbua, mbele ya mji mzima."

"Hakununuliwa," nikasema.

"Mama Tunu, acha hizo. Nilikuwapo."

"Mkono ulikuwa umevimba tangu Jumanne. Niliuona Jumatano, chumba cha walimu, kwenye beseni la chumvi. Baba alipouliza nani aliuona, ni mimi."

Vifuta kioo vilikwenda vikarudi. Hamisi hakucheka tena, ila alitikisa kichwa kama mtu niliyemmwagia chai kwenye nguo mpya. "Miaka yote hii? Dada, kisa hiki nimekisimulia hadi kwenye harusi." Baada ya taa mbili za barabarani akaongeza, "Yaache tu. Mzee wako ameshatangulia. Usituharibie."

Tunu akauliza, "Ulikuwa na umri gani?"

"Miaka kumi."

Nilingoja aseme kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimelitayarishia neno hilo mahali pa kukaa kwa miaka mingi. Alikamua maji kwenye nywele zake, akaniuliza kwa Kiswahili, cha kwanza nilichosikia kwake tangu mwaka uanze:

"Na sasa una miaka mingapi, Mama?"

Siku ya pili nikaandika kwenye kundi letu la simu, lile la watu wa mji wetu, ambamo kila Jumapili tunatumiana picha za zamani na kulilia utoto. Niliandika yote, kuanzia beseni. Kisha mmoja akauliza, "Zefania ndiye nani?" Mwingine akamjibu, "Si yule Madumu." Hapo wote wakakumbuka. Vikafuata vicheko, nyuso za njano zinazotoa machozi ya furaha, mstari baada ya mstari, na mtu akatuma picha ya debe.

Nilizoea kusema kwamba watu wa huku wamepoa, kwamba kipa anafungwa na hakuna wa kumwimbia njiani. Ni kweli. Wiki iliyopita Tunu alifungwa, akapewa makofi na kipande cha piza, Jumatatu akaenda darasani, na hakuna aliyejua kama msimu umekwisha wala kama ulianza. Sisi tulikuwa na mji mzima uliomfuata kipa wake kwa debe hadi langoni. Natamani ule mji bado. Halafu naikumbuka ile njia ya vumbi jekundu saa kumi na mbili jioni, mtu mmoja anakwenda ameubeba mkono wake, na mimi nyuma yake na vijiti vya Baba, nikipiga kelele.