Nilifuta Alama za Masanja

Ndugu zangu, mkosaji ni mimi, sina wa kumsingizia.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wenye mabasi walipoanza kununua kompyuta. Mimi na Masanja, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, tulikuwa tukiandika programu ya mizigo kwa bosi wetu pale Katandala, Sumbawanga. Zikavuma habari kwamba bosi atabakiza mmoja. Basi amani ikaniisha!

Nikaanza kumchunguza mwenzangu. Juu ya kila kipande cha programu aliandika maelezo, yale ambayo kompyuta huyaruka, ya kusomwa na mafundi tu. Humo akapachika vialama: @baridi, @haraka, na @fundi ikifuatiwa na jina langu. Jina langu, kwenye vipande alivyoandika yeye! Nikajua tu, kosa likitokea litaniangukia mimi.

"Haya ya nini?" nikamuuliza.

"Usiyaguse, mshikaji. Yanasomwa."

"Na nani?"

Akacheka. "Tulia, utaona mwenyewe."

Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Alipokwenda kula, nikafuta alama zote. Nilijiambia maelezo ni maelezo, hayabadilishi kitu.

Mjinga mimi! Masanja alikuwa ametengeneza kijiprogramu cha kuzisoma. Alama ya @baridi ndiyo iliyoagiza mzigo uwekewe barafu. Boksi la chanjo ya ng'ombe likapakiwa hivi hivi, likawafikia wafugaji limeharibika.

"Nani kaandika hiki kipande?" bosi akafoka.

Nikamnyooshea kidole Masanja. Akaniangalia, akazima kompyuta yake. Alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata bosi akanipa karatasi. Masanja alikuwa ameichapa kutokana na zile alama zake: orodha ya kazi na jina la aliyeifanya. Nusu ya kazi zake kaniandikia mimi.

"Aliniletea hii kabla ya kosa lile, akanisihi nisimpunguze mtu," bosi akasema. "Alisema mnafanya kazi sawasawa. Na mimi nilishakubali kuwabakiza wote wawili."

Jamani! Hata hapo sikukiri.

Nikasikia Masanja amerudi kuchunga ng'ombe, sijui upande gani. Hadi leo mtu akinitendea wema, kwanza najiuliza anataka nini kwangu. Shaka imeniharibu moyo.

Wewe unayemchungulia mwenzako kazini, muulize tena, hata mara ya tatu. Mimi niliuliza mara moja, akacheka, nikamhukumu.