Bibi Alivyokalia Baka la Mwisho

Mwezi uliopita niliuua ukoka wangu mwenyewe, tena kwa mapenzi. Mbwa wangu jike alikuwa ameweka mabaka ya njano mbele ya nyumba, kila moja kama sahani. Mimi, mtoto wa Songea niliyekulia kwenye mahindi, nikajiona mtaalamu: jani likiwa la njano linadai mbolea. Nikachukua mbolea ya kukuzia iliyobaki ya shamba, nikainyunyiza humo kama natia sukari kwenye uji. Siku chache tu, sahani zikawa masinia. Kumbe mkojo wa mbwa unaunguza kama mbolea iliyozidi, na mimi nilikuwa namwongezea chakula aliyekwisha kuvimbiwa. Na sekondari nilisoma kilimo. Usiniulize nilipata ngapi.

Basi nikasimama pale na mpira wa maji, najaribu kuosha ujinga wangu, na ile harufu ya udongo mkavu uliopata maji ikanipeleka moja kwa moja Ruhuwiko, kwa bibi yangu.

Bibi alikuwa na uwanja wa ukoka mbele ya nyumba, aliufyeka mwenyewe, akiinama asubuhi na fyekeo huku likolo, mboga yetu ya majani ya maboga, likichemka jikoni. Uwanja ule ndio uliokuwa sebule yetu. Pale tulipepeta maharage, tulisukwa nywele, tulichapwa. Na pale ndipo Popi, mbwa wetu jike, alipopenda kuchuchumaa, huku akituangalia usoni bila haya.

Mwaka ambao shangazi yangu alichumbiwa, wakwe walitoa taarifa kwamba watakuja kujitambulisha. Wanaume wangewekewa viti, wanawake wangekaa mikekani, kwenye ukoka. Baba akazunguka uwanja, mikono nyuma, akasema, "Wakwe wakikuta mapunye haya kama kichwa cha mtoto wa shule, mbwa huyu anapanda lori aende Nakapanya kwa mjomba wenu." Nakapanya kwangu ilikuwa mwisho wa dunia. Nililia mpaka nikakosa hamu ya ugali, na wanaonijua wanaelewa hilo lilikuwa jambo zito.

Bibi hakubishana na baba. Aliweka ndoo ya maji mlangoni, akanipa kopo. "Usimfukuze," akasema. "Ukimfukuza atakojoa njia nzima. Mwache amalize, ndipo umwagie pale pale, maji mengi, kabla jua halijapachoma." Nikawa mlinzi wa mkojo. Watoto wenzangu walikwenda kucheza, mimi nimekaa kizingitini na kopo langu, namvizia mbwa kama askari wa doria. Nadhani ndipo nilipoanza kuwa mtu wa kukaa nyumbani. Kazi ile ilinifaa mno.

Asubuhi na mapema bibi alimfunga Popi kamba, akampeleka kwenye migomba nyuma ya nyumba, akasimama naye huko mpaka amalize haja, kisha akamsifu kwa Kingoni kama mtoto aliyefaulu mtihani. Popi akazoea. Yale mabaka ya zamani tuliyang'oa majani yaliyokufa, tukayaloweka maji siku baada ya siku, halafu tukapandikiza ukoka mbichi tuliouchimba karibu na bafu, ambako maji ya kuogea yalikuwa yameulisha mpaka ukanenepa.

Shida ilikuwa baridi. Unaijua Songea mwezi wa sita: hata majani yanajikunyata. Mabaka mengi yalishika, lakini moja kubwa, katikati kabisa ya uwanja, liligoma. Siku ya wakwe ilifika likiwa bado jekundu la udongo.

Alfajiri, baba akiwa bafuni, bibi akatandika mkeka juu ya lile baka, akaketi. Wakwe wakaingia, shikamoo zikamwagika, bibi akazipokea akiwa pale pale. Chakula kikaiva, akaletewa pale pale. Mama mkwe akamwomba asogee kivulini. Bibi akasema anapenda jua. Wageni wakanong'ona kwamba mwanamke huyu ana utulivu wa ajabu. Baba alizungusha macho uwanja mzima, akatafuta, hakuona kitu. Jua lilipoinama na mipango ya ndoa kukubaliwa, akaniambia kwa kujikaza, "Haya. Mbwa abaki." Nilimkumbatia Popi shingoni mpaka akakohoa.

Nyumba ile iliuzwa. Uwanja sasa ni vitofali vitupu, unafagiliwa, haufyekwi, na wageni hupelekwa ndani kwenye televisheni. Bibi hayupo, Popi hayupo, na sijui nani siku hizi angekaa kutwa nzima juu ya udongo mbichi kwa ajili ya mbwa wa mtoto. Ukoka wangu umeanza kushika. Nimerudia kopo na kamba, na moyo umetulia. Lakini kila nikimwaga maji huwa nacheka peke yangu, namkumbuka jirani yetu, mwalimu mhamiaji na mtani wa bibi, aliyekuwa akitusaidia kupakua siku ile, aliyekijua vizuri kilichokuwa chini ya mkeka. Wakwe walipopotelea tu barabarani, alimwendea bibi, akasimama mbele yake, mikono kiunoni:

"Bibi, wameshaondoka. Inuka na wewe ukakojoe, maana mbwa mwenyewe ameshakwenda migombani akarudi, wewe tangu alfajiri umebana tu!"